Bia tatu za Ulaya tulizoonja Kigoma, na mkimbizi aliyekataa kunywa kabla ya mwenye nyumba

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, nawaitikia marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimekuwa nikisoma humu vijana wakibishana bia ipi ya Ulaya ni bora. Mimi ni katekista mstaafu, nimevuka miaka sabini. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu na kukionja kwa ulimi wangu, na siongezi chumvi.

Ndugu zangu Waislamu wa Ujiji na walokole, mnivumilie. Nilikunywa glasi tatu mchana mmoja baada ya Misa, nikamshukuru Mungu, nikaenda nyumbani kwa miguu yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wakivuka kutoka Burundi. Parokia iliniomba nimtafsirie Mjerumani mmoja, fundi wa maji kambini, jina lake Dieter. Alipanga nyumba Rusimbi, mjini Kigoma.

Tatizo la Dieter lilikuwa hili: maji aliyoyatia dawa watu hawakuyataka. Yalinuka. Wengine walisema yana sumu. Kina mama walichota kijitoni, na watoto wakaharisha sana. Nilizika wawili katika wiki moja.

Alihitaji mtu anayejua maji, na ambaye Warundi wenzake watamwamini.

Nikampelekea Nestori. Huyu alikuwa mkimbizi, mtu wa makamo, mpole, mkewe ana mimba na wanalala chini ya turubai. Alisema alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha bia huko kwao. Vyeti vyake vyote vilizama ziwani siku walipovuka.

Dieter akaniambia kwa Kiingereza, "Mzee, wawili wameshanidanganya hivyohivyo. Mlete Jumapili. Nimetumiwa kreti ya bia kutoka nyumbani. Mtu wa kiwandani nitamjua akinywa."

Kwa hiyo wakuu, kwetu ilikuwa ni kuonja bia. Kwa Nestori ilikuwa ni kazi.

Bia ya kwanza ilikuwa laga ya Kicheki. Rangi ya dhahabu, povu zito jeupe kama sufi. Dieter alieleza kwamba mji inakotoka una maji laini mno, na ndiyo sababu uchungu wa hopsi unakuja taratibu, haukwaruzi koo. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, ndiyo yanayotia bia uchungu. Niliipenda. Ni bia yenye adabu.

Dieter alitumiminia sisi wageni kwanza, kama kwao wafanyavyo, akaingia jikoni kuchukua dagaa wa kukaanga. Mimi nikanywa.

Nestori hakugusa. Aliweka mikono magotini, akaitazama glasi.

Dieter akarudi. Povu limeshakufa.

"Kwa nini hanywi?" akaniuliza. "Mtu wa kiwanda cha bia anaogopa bia?"

Niliona haya. Nikamgeukia Nestori kwa Kiha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, nikamwambia mbona unaniaibisha.

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, polepole, "Muzee, mimi sikatai. Ninangojea mwenye nyumba. Na wewe Muha, nani alikufundisha kunywa mbele ya mwenye pombe?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Kwa Warundi, na kwetu Waha pia, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Wao huita gusogongera. Ni kukuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani yake. Baba yangu alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi nilikaa na mapadre wa Kizungu miaka mingi mpaka nikasahau, na nusura usahaulifu wangu umkoseshe mtu riziki.

Nikamweleza Dieter. Akawa mwekundu masikioni. Alichukua glasi ya Nestori, akanywa funda moja, akaifuta ukingo kwa kiganja, akamrudishia kwa mikono miwili.

Nestori akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. "Sasa ni pombe," akasema.

Bia ya pili ilikuwa ya ngano, kutoka kwao Dieter, Bavaria. Ina ukungu kama togwa. Nilipoinusa nikacheka kwa sauti.

"Bwana Dieter, hii ni ndizi! Umezinunua sokoni Kalinzi ukazitia kwenye chupa?"

Dieter hakucheka. Alimtazama Nestori. "Muulize yeye. Wametia ndizi ngapi?"

Nestori alinusa, akaonja, akakaa nayo mdomoni. "Hakuna hata moja. Muzee amedanganywa na pua. Hii harufu inatoka kwa hamira. Hamira ya bia ya ngano inafanya hivyo ikichachusha mahali pa joto." Akaonja tena. "Na hii chupa ilikaa kwenye joto safarini."

Nilipomtafsiria, Dieter akapiga meza. "Ilikaa kwenye behewa Tabora siku nne!"

Ya tatu sitaisahau. Nyeusi, nzito, tamu kwa mbali kama mkate uliobabuka. Inatengenezwa na wamonaki, watawa wa kiume, katika monasteri ambako baba yake mdogo Dieter alikuwa bruda. Zamani, wakati wa Kwaresima, walifunga chakula wakaishi kwa hiyo bia. Kimea chake ndicho kilikuwa mkate wao. Wanasali, wanakoroga mapipa, wanarudi kusali. Mimi niliyefundisha Katekismu maisha yangu yote nilijifunza kitu kwenye ile glasi: kazi ikifanywa kwa subira nayo hufika mbinguni.

Kama mnataka alama zangu, hiyo ya wamonaki naipa ya kwanza bila kusita.

Jumatatu Nestori alianza kazi.

Alipima maji, akapunguza dawa iliyokuwa ikizidishwa. Lakini watu bado walisita. Ndipo akafanya jambo ambalo Dieter, pamoja na mashine zake zote, hakuliwaza.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, alisimama mbele ya foleni, akachota kikombe, akanywa wote wamwone. Kisha akakijaza tena, akampa mama wa kwanza kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza walichota wachache. Wiki haikuisha, foleni ikafika barabarani. Kijitoni hakukuwa tena na mtu.

Nilipokwenda kwenye ubatizo wa mtoto wake, Nestori alinipa maji. Alionja kwanza yeye. Safari hii nilingoja.

Yalinuka dawa kidogo. Lakini maishani mwangu sijaonja kinywaji kilichonipendeza zaidi, na ile ya wamonaki naihesabu humo.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni akikaa kimya mbele ya ukarimu wako, muulize kabla hujamhukumu. Inawezekana ni wewe uliyesahau.

Kwenu, je, mwenye nyumba bado anaonja kwanza? Na kama kuna aliyewahi kuinywa bia ya wamonaki aseme, tumshukuru Mungu pamoja.