Mbwa Aliyewinda Buti

Mwaka 2017, asubuhi moja ya baridi, niliondoka mtaa wa Yeoville, jijini, bila mpango. Rafiki niliyekuwa nikilala sakafuni kwake alikuwa amemleta mkewe kutoka kwao, na mimi nikaona chumba kimebana, nikafunga begi. Nilipanda teksi ya kwanza yenye nafasi, nikashuka Diepsloot, pembezoni mwa jiji, kisha nikatembea kuelekea mashambani kwa sababu tu huko sikuwahi kufika.

Nilipovuka kijito nikamwona mwanamume mwenye sweta la ulinzi na buti za mpira, akiburuta ngozi ya mnyama kwenye nyasi kwa kamba. Alikuwa akijisemea kwa Kiswahili cha Kongo.

"Ndugu, hiyo ngozi imekosa nini?" nikamuuliza.

"Ni kanu. Gari ilimugonga kwa barabara."

Alikuwa mlinzi wa shamba lile, na mkewe alifuga kuku nyuma ya nyumba yao. Usiku kanu kama huyo, kanyama kenye madoa na mkia mrefu, alikuwa akishuka mitini na kuwamaliza. Kwa hiyo mlinzi alikuwa akimfundisha mtoto wa mbwa kufuata harufu hiyo hadi kwenye mti aliopanda kanu, abweke hapo. Lakini mkewe alichoka kulisha mbwa asiyejua kazi. Jumapili kaka yake angekuja kumchukua mbwa huyo akalinde saluni yake.

"Mbwa ya kuwinda kwa saluni," akasema. "Atanusa nywele tu."

Akaitundika ngozi kwenye mkaratusi, akazunguka hadi nyumbani, nami nyuma yake, akamfungulia mbwa. Nikamkimbilia nyuma. Kwenye kichaka cha miiba nyasi zilizolala zilionyesha kuwa mlinzi alipita kushoto, na ngozi, mwisho wa kamba, ilipita kulia. Mbwa akaenda kushoto. Mkaratusi aliupita bila kuinua kichwa, akafuata nyayo mpaka nyumbani, akakalia buti za bwana wake huku akitikisa mkia.

Mke wa mlinzi alikuwa akiwamwagia kuku mahindi. "Siku zote ni vile," akaniambia. "Anawinda bwana yangu. Sasa nimupike?"

Nikawaeleza nilichokiona kichakani. Mlinzi akazitazama buti zake kwa muda.

"Mambo ya mbwa umesomea wapi?"

"Sijamaliza hata ya shule."

Nikaomba nijaribu. Niliishusha ngozi, nikaifunga kwenye ncha ya ufito mrefu, iburutike mbali na miguu yangu. Nikapita njia nyingine, nikaitundika juu ya mkaratusi mwingine, nikarudi kwa kutembea ndani ya kijito nisiache harufu. Maji yalikuwa baridi sana. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya ndoo, hajasogea.

Mbwa alipofunguliwa aliizunguka ndoo, akanusa buti, akalia kidogo.

"Ona, amefika," akasema mke.

Kisha pua ikashuka. Akaenda polepole, akarudi, akaenda tena. Mimi na mlinzi tukamfuata kwa mbali. Akaupita mkaratusi wenye ngozi, akasimama kama mtu aliyesahau kitu, akageuka na kuweka miguu ya mbele kwenye shina. Akatazama juu. Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba na wenye mikwaruzo, ndipo akabweka kweli.

Mlinzi alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Tuliporudi nyumbani, mkewe, aliyekuwa amesikia mbwa akibweka, alikuwa ameshatoa simu.

"Kaka, usikuje Jumapili. Huyu iko na kazi." Akaikata, akanigeukia. "Na wewe mwenye fito, unaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Kesho mbwa ataizoea miguu ya huyu pia," akamwambia mumewe.

"Ndiyo maana abaki," akasema mlinzi. "Tutaburuta ngozi mara yeye, mara miye, mara wewe."

"Miye?" akauliza mkewe.

Lakini mlinzi alikuwa tayari ananionyesha stoo ya chakula cha kuku. "Panga magunia muzuri, ulale. Panya ziko. Utaziuliza maswali yako."

Nikaingia na begi. Mtoto wa mbwa akanifuata, akanusa ufito kwanza, halafu kiatu changu.