Shimo la Futi Nne

Muzamil Rashidi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ishirini na saba kati ya hiyo aliitumia kupakua vyoo mjini Musoma. Riziki yake ilikuwa kwenye vichochoro ambako gari la maji taka haliingii. Akiitwa, anakuja na ndoo, kamba na mapipa, anamwaga mafuta ya taa shimoni kupunguza harufu, anavua shati, anashuka. Kazi hiyo ilimsomeshea watoto wanne, na hakuwahi kumficha mtu kwamba ndiyo kazi yake.

Mwaka huo alipakua choo cha Madam Prudence, mama mmoja wa Mukendo aliyekuwa katibu wa Klabu ya Mkono wa Heri. Klabu hiyo ni ya watu wenye nafasi zao mjini, wanaokutana kila Alhamisi mchana kwenye ukumbi wa hoteli, wanakula, wanamsikiliza mgeni, halafu wanachangia kazi za jamii. Madam Prudence alipenda jinsi Muzamil alivyoeleza mambo ya mashimo.

"Mzee Muzamil, njoo uongee na klabu yetu," alimwambia. "Mwezi huu tunachangisha choo cha shule kule Nyasura, Bunda."

"Sasa mimi niongee nini, Madam?"

"Haya haya unayoniambiaga mimi."

Muzamil alifurahi mno. Mke wake, Mwanaupe, alimpigia pasi kanzu na kumwazimia koti kwa jirani. Alhamisi asubuhi alioga mara mbili, akajisugua viganja kwa ndimu mpaka ngozi ikawasha.

Mlangoni mwa ukumbi alipokewa na Gody, mwenyekiti wa miradi wa klabu. Gody alimtazama toka juu mpaka chini, kisha akamgeukia Madam Prudence.

"Ndiye huyu? Mbona amevaa kanzu?"

Alikuwa na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na buti mpya za mpira, bado zina karatasi ya bei, na ovaroli ya rangi ya chungwa.

"Mzee, vaa hivi kidogo, picha tu. Wafadhili wakiona kanzu hawatatuelewa."

Muzamil alitaka kukataa. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni hagombani mlangoni mwa watu. Akapandisha kanzu kiunoni, akaingiza miguu. Gody akarudi nyuma, akamwangalia kwa simu yake, akatikisa kichwa. Alimwita mhudumu wa hoteli, akamwagiza alete udongo wa kwenye maua uliolowa maji. Mhudumu akauleta kwenye sahani. Gody akachukua kijiko, akaupaka ule udongo kwenye zile buti, akapaka na magotini, taratibu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

"Hapo sasa," akasema. "Usicheke, mzee. Kaa kama umechoka."

Muzamil alipigwa picha sita. 

Akapewa meza karibu na dirisha, bado yuko ndani ya ovaroli na buti. Ilikuwa na viti vinne, na hakuna aliyekuja kukaa naye. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Nicolaus, akagonga kengele. Wakaimba wimbo wao. Zikaja faini za furaha: mtu anasimama, anataja jambo lililomfurahisha wiki hiyo, anatia noti kwenye beseni. Mmoja alifurahia mtoto kufaulu, mwingine alifurahia gari jipya. Wa tatu akasema, "Mimi nina furaha kwamba mgeni wetu amefika na bado sijasikia harufu yoyote." Akatia elfu kumi. Ukumbi mzima ukacheka. Madam Prudence naye alicheka, ila macho yake yalikuwa kwenye sahani.

Mbele ya Muzamil palikuwa na sato wa kukaanga na wali. Alimwangalia yule samaki, akaona hawezi. Katika mashimo yote aliyoshuka, kichefuchefu kilimwacha tangu mwaka wa kwanza. Leo kilikuwa kimemrudia, hapa kwenye vitambaa vyeupe. Akaisukuma sahani pembeni.

Kisha Gody akawaonyesha ukutani picha za kazi yao ya mwaka uliopita, vyoo vya shule moja ya msingi wilayani Butiama. Matundu manane, vigae vya bluu, jiwe la msingi limeandikwa kwa dhahabu, mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam anakata utepe. Makofi yakapigwa. Muzamil hakupiga. Vyoo hivyo alivijua kutokea chini.

Miezi mitano baada ya utepe huo, Mwalimu Stanislausi, mkuu wa shule ile, alimpigia simu kwamba vyoo vimejaa. Muzamil alidhani mwalimu anatania, mpaka alipoteremka. Shimo lilimfikia kifuani. Futi nne, chini yake mwamba. Mwalimu alimweleza kwamba mafundi waliomba wiki mbili zaidi wauvunje mwamba. Wakajibiwa kwamba tarehe ya mgeni rasmi haibadiliki. Hakuna aliyeiba hata senti. Walitaka tu utepe ukatwe Jumamosi ile. Muzamil alipakua, baada ya muda mfupi vikajaa tena, mwalimu akavifunga kwa kufuli, na wasichana wakarudi kwenda vichakani.

Alipoitwa kuzungumza, alivua kwanza buti, akaziacha chini ya meza, akaenda mbele na soksi.

"Shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana. Niliambiwa niseme ninayoyajua. Hicho choo mlichokipigia makofi nimekiingia. Mkikitaka, ufunguo anao mwalimu mkuu. Vigae bado vinang'aa, maana hakuna anayevikanyaga."

Wachache walicheka, wakidhani utani unakuja.

"Shimo ni futi nne. Watoto mia sita. Mimi nilikuwaga nafikiri mtu akijenga choo anamfikiria atakayejisaidia. Kumbe kuna choo cha kujisaidia na choo cha kupigia picha. Na hii picha yangu ya leo, yenye matope ya kwenye maua..."

Kengele ikalia. Alikuwa amepewa dakika kumi na tano, akatumia tatu.

"Tunamshukuru sana mzee wetu kwa ucheshi wake," alisema Bwana Nicolaus, huku akimpa cheti kwa ncha za vidole. "Muda si rafiki." Na bila kupumua akatangaza kwamba choo cha Nyasura kitafunguliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi unaofuata, tarehe imeshapangwa, kadi zimeshachapwa. Michango ikaanza. Keki moja ilinadiwa, kila aliyeinunua akaichangia inadiwe upya, ikanunuliwa mara tisa.

Muzamil hakuingoja jumla. Alifika kwenye ua wa hoteli, akashika nguzo, akatapika. Hakuwa amekula kitu. Yalitoka maji matupu.

Jumamosi Madam Prudence alikuja nyumbani kwake. Alikaa kwenye mkeka na Mwanaupe, akakubali chai.

"Mzee, nilicheka na wenzangu. Naomba unisamehe."

"Nimeshasamehe, Madam."

"Sasa kuna jambo dogo. Yule mgeni rasmi wa mwaka jana amesikia, amekasirika. Ukiandika mistari miwili tu, kwamba labda ulichanganya shule..."



"Madam, mimi nikitoka shimoni naoga, inaisha. Hiyo barua nikishaiandika nitaoga na nini?"

Madam Prudence alisimama. Kikombe alikiacha nusu, akaaga.

Wiki iliyofuata Muzamil alikwenda Butiama. Mwalimu Stanislausi aliita wazazi. Mmoja wao, Keraryo, alikuwa amechimba dhahabu miaka mingi na aliujua mwamba. Nyuma ya vyoo vya bluu walichimba shimo jipya. Walipoufikia mwamba, Keraryo aliwasha magogo juu yake siku nzima, kisha akamwaga maji ya baridi, ukalia, ukapasuka. Muzamil akawa anashuka kutoa vipande. Siku kumi na mbili, futi kumi na moja. Wakajenga choo kwa tofali za kuchoma, mlango wa bati, basi. Wasichana wakaanza kukitumia siku ileile.

Mwezi mmoja baadaye Gody alikwenda shuleni na bango la klabu. Akalifunga kwenye ule mlango wa bati, akapiga picha, akaondoka nalo. Picha ikazunguka kwenye simu za watu: awamu ya pili imekamilika. Mwanaupe ndiye aliyemwonyesha mumewe. Muzamil alirudisha simu, akatoka nje, akatema mate.

Tangu hapo wanaklabu wakimpigia simu hashiki kazi zao.

"Nyumba saba hizo, baba Yasmin," Mwanaupe alimwambia. "Na ndio wanaolipaga vizuri."

"Waite gari la maji taka la Mwanza."

"Na kwenye vichochoro vyao lisipoingia?"

"Wavae buti," alisema Muzamil. "Mimi huko siingii. Kunanuka."

 Mwanaupe alijua mumewe hajawahi kulitamka neno hilo kwa nyumba ya mtu yeyote.