Mikono ya Mama Ilivyohamia Kwangu

Dalili ya kwanza haikuonekana kwenye mwili wa mama. Ilionekana kwenye ugali.

Mama anapika chakula karibu na stendi hapa Singida Mjini, kwenye kibanda chenye mabenchi manne na wateja wenye midomo. Ugali wake wa mtama ulikuwa umeshikana mpaka ukiubonyeza unakurudishia kidole. Siku hiyo kondakta mmoja akapasua tonge, ndani akakuta unga mkavu.

"Mama, leo umetupikia mawe?"

"Uko Singida, kaka," nikamjibu kabla mama hajafungua mdomo. "Mawe ndiyo utalii wetu. Wewe kula, kiingilio bure."

Benchi zima likacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyemshika mgonjwa.

Wakati huo alikuwa na miezi kadhaa anajidunga sindano ya mara moja kwa wiki. Daktari alimwandikia kwa ajili ya sukari na uzito, na tulikuwa tunaihifadhi kwenye friji ya duka la jirani, katikati ya soda. Ilimwondolea kabisa hamu ya kula. Mtu aliyekuwa haachi sufuria bila kuionja, sasa akipakua mchuzi anageuza uso pembeni. Magauni yakampwaya. Wanawake wa sokoni wakamsifia, wengine wakamvuta chemba kumuuliza dawa inapatikana wapi. Mimi nikamwambia akiendelea hivyo upepo wa hapa utamfikisha Itigi bila nauli. Akanirushia kitambaa cha kufutia meza. Kikaanguka katikati ya safari. Hilo nalo nililicheka.

Sasa mama hawezi kumwaga chakula jalalani, ni bora umtukane. Kwa hiyo kila asubuhi mayai yake mawili ya kienyeji yalikuwa yanasogezwa upande wangu. "Malizia, baba, mimi yananichefua." Nikamalizia. Maziwa yake, nikamalizia. Maharage, nikamalizia na kulamba kijiko. Nikajiona namsaidia mama yangu katika kipindi kigumu.

Kazi nazo nikazichukua. Shule ilikuwa imefungwa, basi nikanyakua mwiko, nikawa nasonga mimi. Maji nabeba mimi, kiroba cha unga kinapanda begani kwangu. "Kaa hapo, mama, leo wewe ni bosi," namwambia, naye anakaa. Watu wa stendi wakasema huyu mtoto kumbe ana adabu. Wengi walishangaa, na mimi nikiwemo.

Mwezi mmoja tu, mikono yangu ikatuna. Shati la shule nilipolijaribu lilibana mabegani. Nikawa napita kwenye kioo cha kinyozi mara tatu kwa siku bila shida yoyote ya nywele. Mshikaji wangu mmoja akaniuliza nanyanyua chuma wapi, nikamwambia ni siri ya jikoni. Hata mimi sikujua nimesema nini.

Nilikuwa namkunjia huyohuyo msuli, jiko nimelipa mgongo, niliposikia sufuria ikianguka. Mama alikuwa amejaribu kuipua maharage peke yake. Mikono ilimwachia. Maharage yanayochemka yalimwagika yakapita pembeni ya miguu yake, naye akaporomoka na kukaa chini kwenye majivu. Hakuungua. Lakini alijaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena.

"Nipe mkono," akasema kwa sauti ndogo.

Nikampa mmoja. Nilimwinua kama nainua daftari.

Hospitalini, daktari, mwanamke asiye na masihara, alimwambia mama akunje mikono kifuani, akae kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote. Mara ya kwanza aliinuka, na ya pili pia. Mara ya tatu alibaki kwenye kiti, anatazama sakafu.

"Kilichopungua hapa si mafuta peke yake," daktari akasema. "Misuli nayo inaondoka. Mayai unakula?"

Mama akanitazama. "Yanaliwa."

"Na kazi za nguvu?"

"Zinafanyika."

Daktari akaangalia mikono yangu kwa muda mrefu. "Naona."

Hakumwachisha sindano, ila alikataa kuongeza dozi. Mayai, maharage, samaki, maziwa viliwe kwanza, kidogo kidogo, hamu iwepo isiwepo. Na mizigo arudishiwe, midogo kwanza. "Inaondoka haraka, kurudi ni polepole," akasema. "Akianguka tena akavunja nyonga, hatutaongelea kilo."

Tukanunua maharage na dagaa njiani, kilo mbili na ushee. Mfuko akabeba mama. Mimi nikatembea pembeni, mikono mitupu, na kifua changu hicho.

Tukakutana na mzee mmoja wa mtaa wetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hivi wewe, dume zima! Mama yako amebeba mzigo na wewe unatembea kama bwana harusi?"

"Daktari amenikataza kumpokea."

Akaniangalia kwa kinyaa. Mtaa mzima unajua mimi ni mtu wa utani, na wa uongo kidogo. "Unanifanyia mchezo mimi? Mpokee!"

Nikamtazama mama aniokoe. Mama alikuwa anatafuta pumzi, haikutosha kwa maneno. Akanitikisia kichwa nisimpokee, akaendelea kupanda ule mwinuko wa kuelekea nyumbani. Nyuma yetu mzee alikuwa bado anasema, na watu walianza kutoka milangoni.

Nilihesabu hatua za mama. Alisimama, akaendelea, akasimama. Vidole vyake vikaanza kuuachia mfuko, kimoja kimoja. Nikaingiza mikono yangu kwenye mifuko ya suruali, nikaikaza humo, isije ikaenda yenyewe.