Kispika cha Shangazi Kilipolia

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana kijiji chetu kizima cha Ole kimeshacheka, wanafunzi wangu wamecheka, mpaka mwenye duka la mkabala na skuli akinipimia sukari huuma mdomo wa chini, na mimi nikiikumbuka ile wiki sicheki, natetemeka.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, na nina ugonjwa wa magemu. Si ya mpira wala ya kufukuzana na magari, ni ya hadithi, yale ambayo unaingia ndani ya maisha ya mtu na wewe ndiye unayemchagulia aseme nini na aende wapi, na ukimchagulia vibaya unakaa na makosa yako mpaka mwisho. Tuko watatu wenye ugonjwa huu tangu chuo, mimi, Latifa na Hemed anayetengeneza kompyuta Chake Chake, na kila mwaka ukikaribia kwisha tunapiga kura, gemu gani lilikuwa na hadithi iliyotushika zaidi. Sharti ni moja tu, magemu ni matatu na asiyeyamaliza yote hapigi kura. Mwaka jana nilikuwa nimeshamaliza la mpishi wa meli anayempikia kila abiria chakula anachokikumbuka cha kwao (nililia mpaka nikaumwa kichwa), na la ndugu wawili wanaosafirisha maiti ya baba yao huku kila mmoja anamficha mwenzake jambo. Likabaki moja, na ndilo Hemed aliloniapia kwamba litashinda. Ndani yake wewe ni mama, uko peke yako nyumbani, na nje ya mlango yupo mtoto analia anataka kuingia, na hujui kama ni mwanao au ni kitu kilichoichukua sauti ya mwanao.

Sasa, mimi naishi na shangazi yangu, Bi Sharifa, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Shangazi alizaa mara moja tu, mtoto wa kike, Mayasa, akafa kwa homa ana miaka minne, kabla mimi sijazaliwa. Jina hilo nyumbani kwetu halitajwi ovyo. Nilimnunulia kispika kidogo cha kusikilizia Kurani, akakiweka juu ya kabati chumbani mwake, na kila baada ya alasiri hukiwasha akajinyoosha kitandani akisikiliza. Siku nilipokileta nilikijaribu kwanza kwa kompyuta yangu (likumbukeni hilo, mimi sikulikumbuka).

Jumanne moja nimerudi skuli, nimekula, nimejifungia chumbani na gemu langu. Nimefika pale mlangoni penyewe, hedifoni zikaisha chaji. Mtu mwenye akili angezitia chaji akangoja, mimi nikasema maandishi si yapo chini ya skrini, nitasoma, nikazivua nikaendelea kimya kimya. Mtoto anagonga. Maandishi yanasema analia. Kile kimya kilinitia woga kuliko sauti, nikawa nageuka kila mara kuutazama mlango wangu mwenyewe, mchana kweupe, na jua lote lile dirishani. Ndipo shangazi akapiga ukelele.

Niliifunga kompyuta kwa kishindo nikakimbia. Nilimkuta amesimama ukumbini kichwa wazi, mkono kifuani.

"Kurani imekatika," aliniambia. "Imekatika yenyewe, Raya, kisha ntoto akalia. Ndani ya kispika. Anagonga, anaita mama."

Sikufikiria bluetooth wala nini, nawaambia kweli, mimi niliyesoma nikapewa shahada, nilichofikiria ni kwamba kile kilichokuwa nje ya mlango wa gemu nimekiita mwenyewe, na kimekuja. Tukaingia chumbani kwake tumeshikana mikono, kispika kiko juu ya kabati, kimya. Shangazi akaniuliza, "Wewe hukusikia? Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikisahihisha madaftari," nikasema.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema nilikuwa nacheza gemu la mtoto anayelia, tungekaa tukaunganisha hili na lile, tukajua. Lakini nilionea haya, mtu mzima kuambiwa anacheza gemu, na chini ya haya kulikuwa na hofu, kwamba mimi ndiye niliyelileta jambo lile ndani ya nyumba yake.

Siku mbili shangazi hakukanyaga chumbani mwake. Chai anaiacha inapoa, wali anauchezea kwa vidole. Alinituma nimtolee nguo zake kabatini, akaanza kuzikunja anazitia mkobani, anasema anahamia kwa binamu yake Kisiwa Panza, aiache nyumba aliyojengewa na marehemu mume wake, nyumba aliyoishi miaka arubaini. Mimi namwangalia anavyokunja na la gemu simwambii, na kila mlango ukigongwa na upepo nashtuka kuliko yeye. Jirani yetu, Bi Kombo, ndiye aliyesema haya mambo hayakai hivi hivi, akaenda mwenyewe kumwita Shehe Faki aje atusomee.

Alhamisi baada ya alasiri wakaja, Shehe Faki, Bi Kombo na wanawake wengine wanne. Ubani ukafukizwa, sahani ya kombe ikaandikwa aya kwa zafarani ili shangazi aje anywe maji yake, na kispika kikawekwa juu ya kigoda katikati ya ukumbi, kimewashwa, maana Shehe alisema kama kuna kitu kinataka kusema, kiseme mbele ya watu. Wakaanza Yasini. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango wa chumba changu, na nikaamua kwamba kabla kisomo hakijaisha nilifute lile gemu, nilitoe kabisa, kisomo kiikute nyumba safi. Nikajipenyeza ndani, nikafungua kompyuta.

Ikaamkia palepale, mlangoni. Natafuta pa kutokea, nabonyeza nisikokutaka, na mtoto kwenye skrini akaanza kugonga. Na ukumbini, upande wa pili wa ukuta, kukagongwa.

Yasini ikanyamaza. Nikasikia kilio chembamba, kile cha mtoto aliyekwisha choka kulia, na haja ndogo ilikuwa karibu kunitoka, sioni haya kusema. Shehe Faki akauliza kwa sauti ya utulivu, "Nani wewe? Taja jina lako."

Maandishi yakatokea chini ya skrini yangu, neno moja, Mama. Na ukumbini kispika kikasema, "Mama."

Hapo macho yangu yakapanda pembeni ya skrini, yakakiona kialama kidogo cha bluetooth, na mbele yake jina la kispika cha shangazi, kumbe tangu siku ile ya kukijaribu kompyuta bado inakishika yenyewe. Nilipata nafuu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikamsikia shangazi.

"Mayasa?" anasema. "Mayasa, ni wewe mwanangu?"

Nikabonyeza kusimamisha, kikanyamaza.

"Usende," shangazi akasema. "Nipo hapa. Usende mwanangu."

Nimeshaogopa vitu vingi katika maisha yangu, chombo kimeniyumbia baharini, nyoka amenipitia mguuni kwenye mihogo, lakini hofu ya dakika ile sijaionja tena. Ningeweza kunyamaza. Ningelifuta gemu, Shehe angemaliza dua, watu wangekunywa kahawa wakaenda zao, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Na shangazi angekaa siku zake zote zilizobaki akiamini mwanawe alikuja mlangoni akaita, na hakufunguliwa. Nikaikumbatia kompyuta kifuani, nikatoka nayo.

"Ni mimi," nikasema. "Ni gemu, shangazi. Sauti inatoka huku."

Hakuna aliyeelewa, ikabidi nibonyeze (na hapo nilitamani ardhi inimeze), mtoto akalia ndani ya kispika mbele ya Shehe, nikasimamisha, nikabonyeza, akalia, nikasimamisha. Bi Kombo akasema polepole, "Yaani ubani wote ule tumeifukizia katuni?" Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamcheza. Shehe Faki aliitazama skrini, akaniambia, "Mwalimu, kisomo hakikupotea. Tumemsomea mtu aliyekuwa na hofu. Lakini uongo wako umeubeba siku mbili, na aliyeumia si wewe."

Shangazi aliinuka, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango.

Habari ilifika skuli kabla yangu. Nikigeukia ubao nasikia dawati linagongwa, kisha sauti nyembamba, "Mama, fungua," na nikigeuka darasa zima linatazama madaftari kama watoto wa peponi. Hilo nililistahili. Lililonila ni nyumbani, shangazi ananipakulia chakula anakifunika mezani, anaitikia shikamoo yangu, basi, hana jengine la kuniambia. Siku nne. Mkoba wa nguo uko nyuma ya mlango wa mbele, haufunguliwi wala hauondoki, na mimi kila nikitoka skuli natembea haraka nikiogopa nitaukosa.

Siku ya tano, baada ya alasiri, akabisha hodi chumbani kwangu. Nilikuwa nasahihisha madaftari, safari hii kweli.

"Yule ntoto," akasema. "Mamake alimfungulia?"

"Sijui, shangazi. Sijafika. Anayecheza ndiye anayechagua."

Akakaa kitandani kwangu, akaiweka sawa kanga yake. "Washa."

Nikawasha. Nikamweleza kwamba yule si mtoto wa kweli, na kwamba Hemed ameniambia ukimfungulia tu unakufa, kila anayetaka kufika mwisho lazima azibe masikio amwache nje mpaka anyamaze. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kwenye skrini yakatokea maneno mawili ya Kiingereza, nikamtafsiria, hili fungua, hili usifungue.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Tukafa, kama alivyosema Hemed, skrini ikawa nyeusi tii, nami nikaogopa kumtazama usoni.

"Hurudiwa?"

"Hurudiwa, shangazi."

"Basi rudia," akasema, "na ufungue tena."

Nguo zimerudi kabatini na kispika kimerudi juu yake. Mimi nimeapa mambo mawili, siwashi kitu bila ya kuangalia kwanza sauti inaelekea wapi, na mtu akiniuliza nafanya nini namwambia, hata awe Shehe. Kura ya mwaka jana walipiga Hemed na Latifa peke yao, na wanaendelea kunitania kwamba nimeshindwa na gemu linalomalizika kwa muda wa saa sita tu. Sikushindwa. Kulimaliza ni lazima umwache mtoto nje, na nyumbani kwetu hatujamwacha hata siku moja.