Nyanya Yangu Katika Swali la Saba

Mtihani wa kuingia chuo cha ualimu ulikuwa wa kusoma tu. Unapewa vifungu vitatu vya ufahamu, unajibu maswali, unaenda nyumbani kungoja simu. Nafasi zilikuwa chache, lakini mimi ufahamu sikuuogopa hata kidogo. Tangu shule ya msingi nilikuwa yule msichana ambaye wenzake wakibishana juu ya jibu la Kiswahili wanamwendea, na kusema kweli jambo hilo lilikuwa limenipandisha kichwa.

Kifungu cha kwanza kilikuwa cha nzige, cha pili cha usalama barabarani. Cha tatu kilimhusu mama mmoja aliyeuza maziwa ya ngamia. Nikasoma mstari wa pili, na wa tatu, kisha nikarudi juu. Maneno yalikuwa yangu. Niliyaandika mwenyewe nikiwa kidato cha tatu.

Mama huyo ni nyanya yangu. Asubuhi moja, kabla sijazaliwa, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, katika lori la Moyale, alipita nyumbani kwetu Kiwanjani akaomba kikombe cha maziwa kabla ya safari. Nyanya alikuwa ameshafunga mitungi ya kupeleka kwenye basi la Nairobi. Akamwambia anywe maji. Lori lilipinduka siku hiyo hiyo, na mjomba hakurudi. Neno hilo la maji nyanya hakulisema hata kwa mama yangu. Aliniambia mimi, tukiwa wawili tu, tukifukiza vyombo vya maziwa.

Nami nikamwambia mwalimu. Alikuwa mwalimu wa mazoezi, kijana, mcheshi, nilimpenda kama dada. Alituagiza tuandike insha juu ya jambo ambalo hatujawahi kumwambia mtu, akaapa kwamba lingebaki baina yetu na yeye. Nikaandika kurasa nne. Niliandika pia kwamba tangu siku ile nyanya hafungi mtungi mpaka kila aliye nyumbani awe ameshakunywa, hata mgeni aliyekuja kuuliza njia. Daftari hakunirudishia. Alimaliza mazoezi akaondoka, baadaye nikasikia ameajiriwa katika chuo hiki hiki. Sikumdai, kwa kuwa nilidhani amelihifadhi kwa mapenzi.

Kumbe! Sasa kifungu kiliishia pale lori lilipopinduka. Ya mgeni mwalimu alikuwa ameyakata, sijui nafasi ilikwisha, sijui aliona hayafai kwa maswali. Moyale aliigeuza kuwa “mji wa mbali”, basi akaona ameficha siri. Swali la saba liliuliza: Kulingana na kifungu, mama huyu alikuwa mtu wa aina gani? A, mchoyo. B, mwoga. C, mvivu. D, mwenye bidii.

Jibu lililotakiwa nililijua. Nilimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa pale mbele akisimamia mtihani, na tulipotazamana akanitabasamia, tena kwa furaha, kama mtu aliyekuletea zawadi. Nilitamani kumrushia ile karatasi usoni. Lakini nilikitaka chuo. Niliweka alama kwenye A.

Tulipotoka tulikusanyika kivulini, nyuma ya jikoni, kulinganisha majibu.

“Saba ni A, hiyo hata si ya kuuliza,” alisema kijana mmoja wa Kinna. “Mama gani ananyima mtoto yake maziwa? Huyo ni mchoyo, wallahi.”

Mwingine akajifanya anakaza kifuniko cha mtungi, akabana pua: “Kunywa maji!” Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilisimama katikati yao. Wao sikuwakasirikia, hawakujua lolote. Niliyemkasirikia ni yule aliyejua.

“Mimi niliweka D,” alisema msichana mmoja kutoka Oldonyiro, ambaye hata sikuwa nimemwona ndani. Wote wakamgeukia. “Mtungi ikishafungwa haifunguliwi. Ukifungua vumbi inaingia, maziwa inaharibika kwa njia, na huko Nairobi wanamwaga yote. Hata mimi mama yangu ananiambia nikunywe maji. Si ati hanipendi.”

“Lakini swali inasema kulingana na kifungu!” akapinga yule wa Kinna.

“Si kifungu inasema alikuwa ameshafunga?”

Kelele zikazidi. Ndipo mwenzangu mmoja niliyesoma naye akaninyooshea kidole. “Si tuulize huyu! Shule yetu huyu ndiye alikuwa namba moja wa Kiswahili.”

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema namjua mama huyo, kwamba asubuhi hiyo ndiye aliyeniombea dua mlangoni. Lakini ningesema hivyo, wangeuliza mimi niliweka nini.

“Ni A,” nikasema.

Yule msichana hakubisha. Aliniuliza tu, kwa upole, “Kwa nini lakini? Nieleze, mimi nataka kujua penye nimekosea.”

Nikamweleza. Nilimwambia ufahamu hauulizi unachokijua wewe, unauliza kilichoandikwa, na kwamba aliyeandika alitaka tumwone mama yule kuwa mchoyo. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, taratibu, na wenzetu wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Katika watu wote waliosoma kifungu kile asubuhi hiyo, yeye peke yake ndiye aliyemtetea nyanya yangu, na mimi nilikuwa namfundisha kumwita mchoyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, akanishukuru.