Shangazi na Cherehani ya Kangle

Mwenyeji wetu Guangzhou alitupa amri hata masanduku hatujayafungua. "Kaeni humu hotelini mpaka nije kuwachukua. Wanawake wawili, lugha hamjui, mji huu utawameza." Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wafanyabiashara wageni. Hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu kutembeza watu wanaotii.

Niliyesafiri naye ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, fundi cherehani wa Tanga aliyekwisha kupita miaka sitini, na safari ilikuwa yake ya kutafuta vitambaa. Nyumbani nako ndugu walikaa kikao kizima wakimzuia. Wakataja presha yake, wakataja magoti yake. Akawasikiliza, akamaliza chai yake, kisha akaenda kufuatilia viza ya China.

Siku ya kwanza tulimngoja mwenyeji mpaka alasiri, hakutokea. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilimkuta shangazi amekaa ukingoni mwa kitanda, buibui mwilini, mkoba magotini.

"Amesema tumsubiri," nikamwambia.

"Miaka arobaini nimewashonea maharusi wa mji mzima. Leo nifungiwe ndani kama kuku wa kitoweo? Vaa viatu, mwanangu."

Nikavaa.

Tulifuata umati mpaka barabara ya Zhanqian, kwenye majengo ya nguo za jumla. Nilikuwa nimejiandaa kuona Wachina peke yao. Kumbe mlangoni pale palikuwa na Wanigeria wakifunga mizigo kwa utepe wa gundi, Waarabu wawili wakibishana juu ya rangi ya shati, na vijana wa Nairobi wakizungumza Kiswahili chao ambacho nusu yake sikuambulia. Shangazi aligusa gauni moja dukani. Muuzaji, hata kichwa hakuinua kwenye simu, akapunga mkono kama anayefukuza inzi: "Meiyou." Hakuna. Gauni lenyewe tulikuwa tumelishika.

Nilitaka tuondoke. Shangazi akaligeuza gauni ndani nje, akaukagua mshono mmoja baada ya mwingine, akalirudisha kwenye henga taratibu, ndipo akatoka. "Mshono mbovu," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akacheka. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, kitenge cha manjano kiunoni. "Mama, weye ni fundi? Hapa ni nguo ya tayari tu. Kitambaa ya muzuri iko kule Kangle." Akatusindikiza mpaka kituo cha treni ya chini ya ardhi, akatuonyesha kwenye ramani ya ukutani rangi ya njia ya kwanza na rangi ya njia ya pili.

Ndani ya treni kijana mmoja alimwelekezea shangazi simu, akampiga picha bila hata kumwomba kwa ishara. Mimi niligeuza uso kwa hasira. Shangazi alifungua mkoba, akatoa simu yake, akamlenga kijana yule, akampiga picha tatu. Kijana akawa mwekundu. Bibi wa Kichina aliyekaa karibu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasogea ili shangazi apate kukaa.

Kangle ni vichochoro. Nyumba zimebanana kiasi kwamba wa dirisha hili angeweza kumpa chumvi wa dirisha lile. Kila chumba cha chini kinanguruma cherehani, na pikipiki zenye majora ya vitambaa zinakupitia ubavuni bila kupiga honi. Tulipotea mara tatu. Kando ya njia wamesimama watu, kila mmoja ameinua nguo moja na kibao cha boksi kilichoandikwa Kichina. Tulidhani wanauza. Shangazi aliichukua blauzi aliyoinua mwanamume mmoja, akaigeuza ndani nje, akatazama pindo, akavuta uzi.

Mwanamume yule akamtazama mikono, akatuashiria tumfuate.

Karakanani kulikuwa na mafundi wanane. Akamwonyesha shangazi kiti, akamwekea vipande viwili vya kitambaa. Sikuelewa kinachoendelea, ila shangazi alikwisha kukaa. Alikanyaga pedeli kama anavyokanyaga ya kwake ya Tanga, ile isiyo ya umeme. Mashine ile ya umeme ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba, sindano ikavunjika. Mafundi wote wakacheka. Mwanamume akamwashiria ainuke.

Shangazi hakuinuka. Aliinua kidole kimoja. "Mara moja tena."

Nilimnong'oneza, "Shangazi, twende, wanatucheka."

"Wacha wacheke. Lete sindano."

Fundi mmoja, mwanamke wa makamo, ndiye aliyemletea. Safari hii shangazi aligusa pedeli kwa ncha ya kidole gumba cha mguu, polepole, akaisikiliza mashine. Kisha akaiachia. Mshono ulitoka umenyooka kama mstari wa daftari. Kicheko kilikoma. Yule mwanamke aliupitisha ukucha juu ya mshono, akamwekea shangazi kikombe cha maji ya moto.

Mwanamume akaongea na simu yake, nayo ikatutafsiria kwa Kiingereza kibovu: aje kesho asubuhi, kazi ipo.

Hapo ndipo tulipoelewa. Watu wale wa njiani hawakuwa wakiuza nguo. Walikuwa wakitafuta mafundi wa kutwa. Mimi nilicheka kwa aibu. Shangazi alisimama wima, akajigonga kifua. Alikuwa amelidaka neno lao la tajiri mwenye biashara tangu asubuhi. "Mimi laoban," akasema. "Laoban!"

Karakana nzima ililipuka, na safari hii naye alicheka nao. Mwanamke wa sindano alitushika mikono akatuvusha barabara mpaka soko la vitambaa. Tukiwa katikati ya majora, simu ya shangazi ikalia.

"Mko wapi?" Mwenyeji alikuwa anapiga kelele. "Si niliwaambia mtapotea?"

"Tumepotea sana," shangazi akamjibu. "Sasa hivi nachagua satini. Ukimaliza kufoka nipigie."

Mwenyeji alinuna siku mbili. Ya tatu tulikwenda bila yeye mpaka Pazhou, ambako maonyesho ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Tulizunguka kumbi mpaka magoti ya shangazi yakagoma. Alivua viatu akavishika mkononi, akaendelea kutembea peku juu ya sakafu ile inayong'aa, kati ya watu wenye suti. Mlinzi alimkodolea macho. Mimi nikavua vya kwangu.