Firigisi za Papa Zililiwa na Mbwa

Ndugu msomaji, nimekosa, na hata ninapokuandikia situlii. Nilimnyima baba yangu, papa kwa lugha ya kwetu, chakula huku nikidhani namheshimu!

Meno yake yalibaki matatu, nayo yakicheza. Tulikaa naye kijijini Muheto, milimani. Mimi nilikuwa kibarua katika shamba la pareto la mzungu, na Jumapili baada ya ibada nilichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mzee wa nyumba. Nilimwekea juu ya ugali, watu wote wakiona.

Mke wangu alinivuta kando. "Papa Bahati, muzee hana tena meno. Tumutwangie nyama, tuiponde na ndizi."

Nilimfokea! "Papa yangu iko mutoto? Majirani watasema nini?"

Majirani, jamani! Wamenisaidia nini hao majirani?

Baba akakonda. Kilichoshuka ni pombe ya ndizi tu, maana pombe haitafunwi. Nikamwita mlevi, mbele ya wajukuu wake! Wakati huohuo mbwa wetu wa kuwinda alinenepa hata mlima ukamshinda. Nikacheka, nikasema huyu mbwa ana bahati. Mjinga mimi!

Dada yangu, aliyeolewa mbali, Walikale, akaja kutusalimia. Tulipokuwa tunakula akaona mkono wa baba ukishuka kando ya kiti, na mbwa akipokea firigisi.

"Kaka," akasema, "heshima unamupa. Chakula njo iko wapi?"

Kesho yake akaondoka na baba. Kwake baba alipondewa ndizi, akatwangiwa samaki, akala sombe laini, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Habari zikaja kwamba ameanza kunawiri, hata anaimba. Nikasema nitamfuata, nimwombe msamaha, nimrudishe nyumbani. Mara pareto, mara mvua. Uongo! Ni aibu iliyonizuia.

Akafia huko, akazikwa huko, mbali na kaburi la mama. Majuto ni mjukuu.

Siku hizi nakula nimesimama. Nikisikia mchi wa jirani ukitwanga, natoka nje, nazunguka nyumba, narudi, natoka tena.

Nyinyi wenye wazee, nawasihi, msitazame sahani, tazameni mdomo! Twangeni, pondeni, majirani na waseme.

Mbwa yule bado yupo. Jumapili nikichinja kuku, anakwenda kukaa kando ya kiti cha baba, anangoja.